BMI 22 na mzee aliyekuwa anaisha: kisa kimoja cha lishe na oparesheni ya kansa

Nianze na namba iliyotudanganya. Kilo 65, urefu sentimita 172, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 22. Kwenye faili mtu alishaandika "lishe: nzuri", oparesheni imepangwa siku tatu mbele, kila mtu yuko mbio. Mi kazi yangu ni lishe, na siku ile nilikuwa nimeitwa kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani kabisa, ndo nikamuona mzee anajaribu kuvaa saa yake na saa inazunguka mkononi kama bangili, afu mkanda wa suruali umetobolewa matundu mapya matatu. Nikamuuliza mzee shikamoo, kabla hujaanza kuumwa ulikuwa na kilo ngapi? Akajibu bila kufikiria, 78.

Kilo 13 kwa miezi mitano. Hiyo ni karibu asilimia 17 ya mwili wake imeondoka na karatasi inasema yuko fresh, kwa sababu BMI inakuangalia ulivyo leo, haijui ulikotoka. Mtu aliyekuwa mnene kidogo anaweza kupoteza misuli vibaya sana na bado akasoma "kawaida" kwenye hicho kipimo. Vigezo vya kimataifa vya utapiamlo vilivyotoka 2019, vile vinavyoitwa GLIM, viko wazi: ukipoteza zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi sita, na sababu ipo (hapa sababu ni mbili, kansa na kutokula), huo ni utapiamlo mkali. Mzee alipita hapo zamani. (Vitu vya kumtambulisha nimeviondoa, nabakisha vile vinavyohusu hoja tu.)

Umri 64, kansa ya mfuko wa chakula, sehemu ya chini karibu na pale chakula kinapotokea kwenda kwenye utumbo mwembamba. Uvimbe ulikuwa umebana njia, kwa hiyo alikuwa anashiba kwa vijiko vitatu na jioni anatapika alichokula asubuhi. Skani haikuonyesha kusambaa. Madaktari walikaa wakajadili kumpa kemo kwanza kabla ya kupasua, wakaona njia imebana mno na mwili hautaibeba, bora uvimbe utoke kwanza. Hoja hiyo mi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa kwenye hizo siku tatu.

Damu yake: albamini (protini ya kwenye damu) gramu 28 kwa lita, CRP (kipimo cha uchochezi, yaani mwili kuwaka kwa ndani) 34, himoglobini 9.8, limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) 1,200. Kuna hesabu moja ya Wajapani, ya Onodera, ya tangu 1984, unachukua albamini kwa gramu kwa desilita unazidisha kwa 10, unajumlisha limfosaiti mara 0.005. Ya mzee inatoka 34. Onodera mwenyewe alikuwa anasema chini ya 40 usikate na kuunga utumbo. Siipendi sana hiyo fomula na nitaeleza mbele kwa nini, ila siku ile ilinisaidia kumfanya dokta wa upasuaji akae chini anisikilize, maana madaktari wa upasuaji ukiwaambia "amekonda" wanaitikia tu, ukiwapa namba wanavuta kiti.

Na hata kabla sijaongea naye, nilipitia kadi ya mzee tangu alipolazwa. Siku sita. Siku ya kwanza asile kwa sababu ya kipimo cha kamera, kipimo kikaahirishwa. Siku ya pili asile tena, kikafanyika saa kumi jioni. Siku ya nne asile, skani, mashine ikasumbua, siku ya tano asile, skani hiyo hiyo. Siku nne kati ya sita mtu mwenye njaa ya miezi mitano tumemnyima chakula sisi wenyewe tena kwa maandishi. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, kila mmoja alifuata utaratibu wa kipimo chake, shida ni kwamba hakuna anayejumlisha.

Mama, yaani mke wake, alikuwa na amani kwa sababu "dripu inaingia". Hapa nisimame kidogo kwa sababu hii naikuta kila wiki. Lita moja ya ile dripu ya glukosi asilimia 5 ina gramu 50 za sukari. Hizo ni kalori zisizofika 200, protini sifuri, mafuta sifuri. Lita mbili kwa siku hazimfikishi hata kalori 400 mtu anayehitaji karibu 2,000. Dripu ni maji. Na kwa mtu aliyekaa na njaa muda mrefu hata hiyo sukari kidogo inaweza kuleta balaa kama hajapewa thiamini, vitamini B1, kwa sababu mwili unaitumia hiyo vitamini kuchoma sukari na stoo iko tupu.

Sasa mjadala wenyewe. Pendekezo langu lilikuwa tuahirishe wiki mbili, tumlishe sawasawa, ndo apasuliwe. Miongozo ya ESPEN, chama cha lishe ya kitabibu cha Ulaya, inasema hivyo hivyo: mgonjwa mwenye hatari kubwa ya kilishe (amepoteza zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ndani ya miezi sita, au BMI chini ya 18.5, au albamini chini ya 30 na ini na figo ni nzima) apewe lishe siku 7 hadi 14 kabla ya oparesheni kubwa, hata kama oparesheni ni ya kansa na itabidi isogezwe. Mzee ana vigezo viwili kati ya hivyo.

Familia ikawaka. Kijana wake mkubwa akaniuliza, "Hizo wiki mbili kansa nayo itakuwa imelala?" Binti yake akaja na swali gumu zaidi, kwa sauti ya chini kabisa: "Dokta samahani, mnamlisha baba au mnailisha kansa?" Mi sio dokta ila sikumkatiza.

Swali la kijana kwanza. Uvimbe wa namna ile haukuanza mwezi uliopita, umekua kwa muda mrefu, na kwa kawaida siku 14 hazibadilishi picha ya kansa ya mfuko wa chakula. Lakini siku 14 zinaweza kubadilisha picha ya mshono. Ukikata mfuko wa chakula unaunganisha kilichobaki na utumbo, na pale kwenye muungano kinachoshika kwa siku za mwanzo ni nyuzi za dokta tu, baada ya hapo lazima mwili utengeneze kolajeni yake. Kolajeni ni protini. Mwili usio na protini unaitoa kwenye misuli, na misuli ikiwa imeshaliwa hakuna pa kutoa. Muungano ukivuja, uchafu unamwagika tumboni, anarudi chumba cha upasuaji, anaenda ICU, na hapo ndo watu wanapotufia. Nikamwambia kijana, hatari ya kansa tunaihesabu kwa miezi, hatari ya mshono kuvuja tunaihesabu kwa siku.

Swali la binti nalo nililijibu hivi. Kansa haisubiri sahani. Ukifunga, mwili unavunja misuli na kugeuza protini yake kuwa sukari kwenye ini, na uvimbe unachukua humo humo. Kwa hiyo ukimnyima baba chakula anayekonda ni baba. Tena kansa yenyewe inawasha moto wa uchochezi mwili mzima (ile CRP 34 ndo moshi wake), unaozima hamu ya kula na kuusukuma mwili kula misuli hata pale chakula kipo. Ndo maana kukonda kwa kansa hakufanani na kukonda kwa mtu anayefanya diet. Binti alinyamaza, akasema sawa. Sidhani kama alishawishika siku ile, nadhani aliamua kuniamini tu, na ni vitu viwili tofauti.

Dokta wa upasuaji yeye hoja yake ilikuwa ya heshima zaidi: kwamba lishe kabla ya oparesheni ilishajaribiwa na haikusaidia. Ana haki. Mwaka 1991 Marekani, hospitali za maveterani (wanajeshi wa zamani) walitoa matokeo ya jaribio kubwa la lishe ya mshipani kabla ya oparesheni, na kwa ujumla haikuleta faida, wale wenye utapiamlo kidogo wakapata maambukizi mengi zaidi. Ila watu wakisoma wanaishia hapo. Ndani ya jaribio hilo hilo, wale wachache wenye utapiamlo mkali walipata nafuu, matatizo yao yasiyo ya maambukizi yalipungua. Kwa hiyo hoja haikuwa lishe inafaa au haifai, hoja ilikuwa inamfaa nani na inapitia wapi. Mzee alikuwa kwenye lile kundi dogo, na utumbo wake kuanzia pale chini ya uvimbe ulikuwa mzima, hakukuwa na sababu ya kupitia mshipani. Na hili la uzito sio jipya jamani. Hiram Studley, mpasuaji wa Cleveland, mwaka 1936 aliandika kuhusu wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo: waliopoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito walikufa mmoja kati ya watatu, wengine walikufa asilimia 3.5. Alitumia mizani tu.

Tukakubaliana siku 14.

Mpira ukapitishwa puani kwa msaada wa kamera ukavuka pale palipobana mpaka kwenye utumbo mwembamba. Na hapa ndo watu wenye moyo mzuri wanapoua, kwa sababu akili inakwambia mtu ana njaa mpe kingi. Hapana. Mtu aliyepoteza zaidi ya asilimia 15 ukimjaza chakula ghafla, insulini inapanda, seli zinavuta madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwa kasi, damu inabaki tupu, moyo na misuli ya kupumulia vinagoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili mateka walioachiwa wakalishwa haraka waliugua na wengine kufa hivi hivi. Sisi tulianza na kalori 10 kwa kila kilo, yaani 650 kwa siku, thiamini ikatangulia kabla ya tone la kwanza, damu inapimwa kila asubuhi. Siku ya tatu fosfeti ikashuka mpaka 0.58. Mwenzangu mmoja akasema tuendelee tu imeshuka kidogo. Tukagoma, tukabaki na kiwango kile kile siku mbili, fosfeti ikaongezwa mshipani, ikarudi, ndo tukapanda. Siku ya nane tulikuwa tumefika tunapotaka: kalori 1,950, protini gramu 98, yaani kalori 30 na protini gramu 1.5 kwa kilo.

Lishe bila kutembea inaenda kwenye mafuta, kwa hiyo mtu wa mazoezi alimchukua kila siku, kwanza koridoni, baadaye ngazi. Mzee alikuwa mkorofi kwenye hili, anadai amechoka, ila wiki ya pili alianza kwenda mwenyewe na stendi ya mpira wake anaisukuma kama baiskeli.

Siku ya 14 tukapima upya, na hapa kuna somo nililolipenda. Uzito 66.2, kilo moja na kitu tu, na sehemu ya hiyo ni maji. Albamini 30. Dokta akaniangalia: "Wiki mbili zote hizi umepandisha pointi mbili?" Ndo pale niliposema siipendi ile fomula. Albamini nusu ya uhai wake ni kama siku 20 (yaani nusu yake inachukua muda huo kuondoka kwenye damu), na inashuka kwa sababu ya uchochezi zaidi kuliko kwa sababu ya njaa, kwa hiyo ni taa nzuri ya kuonyesha mgonjwa yuko hatarini ila ni mizani mbovu ya kupima kama chakula kimefanya kazi. Angalia vingine. CRP imetoka 34 mpaka 12. Nguvu ya kushika kwa mkono imetoka kilo 19 mpaka 23. Hatapiki. Anapanda ngazi ghorofa moja bila kusimama. Hatukuwa tumemrudishia kilo 13, na hakuna anayeweza kufanya hivyo kwa wiki mbili, tulikuwa tumeugeuza mwili kutoka kubomoa kwenda kujenga, na ndani ya hali hiyo ndo unataka kisu kiingie.

Kuhusu kufunga kabla ya oparesheni nitasema kifupi. Utaratibu wa sasa unaruhusu chakula kigumu mpaka masaa sita kabla na maji meupe mpaka masaa mawili kabla, ile ya kufunga tangu jioni imepitwa na wakati. Lakini kwa mzee haikuhusu moja kwa moja kwa sababu mfuko wake haukuwa unajimwaga, dokta wa usingizi alikataa kitu chochote cha mdomoni na alikuwa sahihi. Chakula cha mpira kiliendelea kwa sababu kinaingia chini ya kizuizi, kikasimamishwa masaa sita kabla.

Walikata sehemu ya chini ya mfuko pamoja na tezi zake, wakaacha mpira mdogo kwenye utumbo mwembamba kupitia ukuta wa tumbo. Kesho yake asubuhi tukaanza mililita 20 kwa saa. Zamani tulikuwa tunasubiri mpaka mgonjwa ajambe ndo ale, samahani kwa lugha ila ndo kipimo chenyewe kilikuwa hicho, siku nne tano mtu hana kitu. Utumbo mwembamba unaanza kufanya kazi ndani ya masaa. Siku ya pili maji kwa mdomo, siku ya nne vitu laini kidogo kidogo.

Siku ya sita kidonda cha nje kikapata usaha sehemu ndogo, kikafunguliwa, kikasafishwa. Sitakificha ili hadithi ipendeze. Muungano wa ndani haukuvuja. Aliruhusiwa siku ya 11.

Na hapa naingia kwenye sehemu inayoniuma, maana mpaka hapo ungedhani tumeshinda. Tulimruhusu na karatasi. Karatasi inasema kula mara sita kwa siku, kidogo kidogo, protini kwanza, vinywaji visichanganywe na chakula. Ule mpira wa tumboni tuliutoa kabla hajaondoka kwa sababu "anakula vizuri". Wodini alikuwa anakula vizuri kwa sababu kuna mtu anamkalia. Nyumbani mfuko umebaki mdogo, akila kitu kitamu kinashuka kwa kasi kwenye utumbo, moyo unamwenda mbio, jasho, kizunguzungu, akaogopa chakula. Hakuna aliyempigia simu kwa wiki nne. Mimi sikupiga. Aliporudi kliniki alikuwa na kilo 61.

Kwanini hili linahusu kupona kansa na sio kupona kidonda tu? Kwa sababu oparesheni kwake ilikuwa nusu ya tiba. Kemo ilipangwa wiki ya sita, mtu wa kilo 61 anayetetemeka dokta wa kansa hakukubali kumuanzishia, ikasogea mpaka wiki ya tisa, na alipoanza alianza na dozi iliyopunguzwa. Watu wakisikia lishe duni inapunguza uhai baada ya oparesheni ya kansa wanadhani kuna kitu cha ajabu kinatokea kwenye seli. Kipo pengine, ila njia kubwa ni ya kawaida kabisa: mwili dhaifu unapata matatizo, matatizo yanachelewesha kemo au kuifuta, misuli ikipungua sumu ya kemo inauma zaidi, dozi inakatwa, na kansa iliyobaki chembe chembe inapata nafasi. Utafiti mmoja mkubwa wa kimataifa uliotoka 2023, wagonjwa zaidi ya 5,000 wa kansa ya mfuko wa chakula na ya utumbo mpana kutoka nchi 75, ulikuta mmoja kati ya watatu ana utapiamlo mkali, na hao walikuwa wanakufa zaidi ndani ya siku 30. Hizo ni siku 30 za mwanzo tu. Hii ya wiki tisa badala ya sita haimo humo.

Tukaanza upya. Simu kila wiki, mke wake akawa ndo anaandika alichokula kwenye daftari (mzee alikuwa anadanganya, daftari likamuumbua), vinywaji vya lishe kati ya milo, sukari ya haraka ikaondolewa, B12 na madini ya chuma vikaanza kupimwa kwa sababu mfuko uliokatwa hauvinyonyeshi mwili kama zamani. Alimaliza mizunguko yote ya kemo isipokuwa mmoja. Miezi 14 baada ya oparesheni ana kilo 64, skani ya mwisho haikuonyesha kitu, saa bado inazunguka mkononi ila sio kama bangili tena.

Kama tungempasua siku ile ya tatu angepona pia? Inawezekana. Kisa kimoja hakithibitishi kitu, na dokta yule yule aliniambia hivyo akicheka, kwamba mshono ungeshika tu kwa sababu kashona yeye. Ila tangu siku ile fomu yake ya kupanga oparesheni ina mstari ambao ameuongeza kwa kalamu, kabla ya BMI: uzito wa zamani ulikuwa ngapi? Na ya kwangu mi ina mstari mmoja pia, tarehe ya simu ya kwanza baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Siku ya tatu, sio wiki ya nne.